Pesa ya Miwa Isifukuze Togwa



Msimu wa kuvuna miwa ukiingia, Turiani yetu huchangamka. Malori yanapishana kwenda kiwandani Mtibwa, na malipo yakitoka, vibanda vya chipsi vinajaa. Sina ugomvi na mwenye kibanda. Naye anatafuta riziki. Ugomvi wangu ni na ile dhana kwamba mtu akishika pesa, vya kwanza kuondoka mezani ni makande, mlenda na togwa, kana kwamba ni vyakula vya shida.

Thamani ya vyakula hivyo huonekana tumboni. Ndani ya utumbo mpana wa kila mmoja wetu wanaishi bakteria kwa matrilioni. Wengi wao hawatudhuru, tena wanatufanyia kazi. Maharage, ulezi, kisamvu na matembele vina nyuzinyuzi ambazo mwili wenyewe hauwezi kuzimeng'enya. Zikiwafikia bakteria, huzichachua na kutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo na kutuliza uvimbe wa ndani, ule usioonekana kwa macho, unaohusishwa na kisukari na maradhi ya moyo. Majaribio ya panya yameonyesha kuwa nyuzinyuzi zikikosekana, baadhi ya bakteria hugeukia kula ute unaoulinda ukuta huo.

Ushahidi mwingine umetoka hapa hapa nchini. Mwaka 2014 watafiti walilinganisha bakteria wa tumboni wa Wahadzabe, kule Ziwa Eyasi, na wa watu wa Bologna, Italia. Wahadzabe, wanaokula mizizi, matunda ya porini, asali na nyama, walikuwa na aina nyingi zaidi za bakteria.

Mtasema Wahadzabe ni wawindaji, sisi ni wakulima. Basi twendeni Kilimanjaro. Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa wataalamu wa hospitali ya KCMC, Moshi, na wenzao wa Uholanzi, kwa wanaume 77 wenye afya. Waliozoea vyakula vya asili walihamishiwa kwenye soseji, mkate mweupe na chipsi kwa wiki mbili. Vipimo vya damu vikaonyesha dalili za uvimbe zimepanda, na chembe za kinga zimelegea mbele ya vijidudu. Waliohamishwa kinyume chake, uvimbe ulipungua. Hata waliokunywa mbege, pombe ya ndizi, kwa wiki moja walipata nafuu hiyo. Wiki mbili tu, ndugu zangu, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo mwezi mmoja baadaye.

Siwaambii mkanywe pombe. Sisi tunayo togwa, uji uliotiwa kimea ukaachwa uchachuke. Utafiti wa Kitanzania uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa watoto wadogo waliopewa togwa kila siku walikutwa na vijidudu vya kuharisha kwa kiwango kidogo kuliko waliopewa uji usiochachuliwa.

Najua yupo atakayeuliza: mbona bibi zetu walikula hivyo na watoto wakafa kwa kuhara? Swali la haki. Togwa ya maji machafu ni hatari, na togwa si dawa. Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvichumvi ya ORS, muwahishe kituo cha afya. Wala sisemi umaskini ulikuwa na afya. Sahani ya ugali mtupu haimfai mtu, wala haiwafai bakteria wake.

Ninachosema ni hiki: pesa iongeze, isiondoe. Kamati za shule, wanafunzi wakila makande msione mmewanyima; hakikisheni tu maharage ni ya kutosha. Wenye sherehe, kreti za soda zikipangwa, pawe na ndoo ya togwa safi, na mgeni achague mwenyewe. Na wewe mkulima, malipo ya msimu huu yakitoka, ongeza samaki, ongeza yai, ongeza tunda. Mlenda uache mezani.

Hayo ni maoni yangu.