Betri ya Lithiamu: Soma Namba Kwanza



Leo tuongee juu ya umeme wa jua. Nyumba nyingi sasa zina paneli juu ya bati. Taa inawaka, redio inasema, simu inapata chaji. Hayo ni maendeleo. Lakini umeme huo tunautunza ndani ya betri. Betri ikichajiwa vibaya hufa mapema. Nyingine huwaka moto, na nyumba ikateketea pamoja na watu.

Tulizoea betri za risasi na asidi, kama za magari. Siku hizi wengi wananunua betri za lithiamu. Hizi ni nyepesi, hazitiwi maji, na zikitunzwa zinadumu zaidi. Lakini hazitaki kushindiliwa chaji. Betri ya asidi ikizidishiwa, huchemka na maji yake hupungua. Betri ya lithiamu ikizidishiwa, hupata joto ndani na huvimba. Inaweza hata kuwaka.

Haya, tufanye hesabu kidogo. Ndani ya betri ya lithiamu mna vyumba vidogo viitwavyo seli. Ziko aina mbili, na zote mbili watu huziita za volti 12.

Aina ya kwanza huandikwa LiFePO4. Ina seli 4. Kila seli isipite volti 3.65. Basi 4 × 3.65 = 14.6.

Aina ya pili mara nyingi huandikwa Li-ion. Ikiwa na seli 3, kila seli isipite volti 4.2. Basi 3 × 4.2 = 12.6.

Mmeona? Jina moja, vikomo viwili. Ukiichaji hiyo ya pili mpaka volti 14.6, umeizidishia volti 2 nzima. Hiyo ni hatari kubwa. Kwa hiyo usiridhike kuambiwa, "Hii ni ya volti 12." Soma kibandiko. Tafuta aina ya betri na volti za kuchajia. Kama hakina namba hizo, usinunue.

Je, nani anazuia chaji isizidi? Ni kontrola, kile kisanduku kilicho kati ya paneli na betri. Paneli iitwayo ya volti 12 inaweza kutoa zaidi ya volti 20 jua likiwa kali. Ndiyo maana kontrola ni lazima. Tena itegeshwe kwa aina ya betri uliyo nayo. Kontrola iliyotegeshwa kwa betri ya asidi haifai mpaka ibadilishwe.

Mtu atasema, "Mbona jirani ameunga paneli moja kwa moja kwenye betri, na taa inawaka?" Kweli inawaka. Lakini taa haikuambii seli imefika volti ngapi.

Betri nyingi za lithiamu zina kifaa cha ulinzi ndani, kinachokata umeme mambo yakizidi. Huyo ni mlinzi wa mwisho. Usimwachie kazi yote.

Basi tushike haya:

1. Unga betri kwenye kontrola kwanza, kisha paneli. Ukifungua, anza na paneli.

2. Weka fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu na betri.

3. Weka betri penye kivuli na hewa. Isiwe chini ya kitanda, karibu na jiko, wala juu karibu na bati la moto.

4. Usitumie chaja ya betri ya gari.

5. Usichanganye betri ya asidi na ya lithiamu.

6. Betri ikivimba, ikinuka au ikipata joto kali, ondoa chaji. Usiichaji tena. Usiifungue wala usiitupe motoni. Mwite fundi.

7. Ikitoa moshi, toeni watu nje kwanza. Moshi wake ni sumu. Mali itatafutwa tena.

Ndugu zangu, kujua kusoma si kwa ajili ya barua tu. Kibandiko cha betri ni kidogo kuliko ukurasa wa kitabu, lakini kinaweza kuokoa nyumba. Jioni ya leo, kila mwenye betri akisome chake. Halafu amsomee na jirani asiyejua kusoma.