Kutoka Kalasi ya 8 hadi Humanite za Sayansi: Msaada wa Nyumbani mjini Kindu

Mtoto wa Kindu aliyeanza shule akiwa na miaka 6, asiporudia kalasi, huingia humanite akiwa na miaka 14. Nyuma yake ana miaka 8 ya elimu ya msingi, kama ilivyopangwa na sheria ya elimu ya Februari 2014, pamoja na TENASOSP, mtihani wa kumwelekeza kwenye seksyo. Akipata Sayansi, ukoo mzima hufurahi. Kisha huja buletini, na mtoto aliyezoea alama nzuri anaificha chini ya godoro.

Wazazi wengi humwita mvivu. Mhadhara huu unawapinga. Mara nyingi mtoto huyo anajituma sana, ila kwa namna ile ile iliyomfaa zamani: kunakili ubao, kusoma daftari tena na tena, kukariri. Sasa hisabati, fizikia, kemia na biolojia zinamjia kwa mkupuo, kila moja na mwalimu wake, zote kwa Kifaransa, naye nyumbani anaongea Kiswahili. Miaka minne mbele unamsubiri Examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari ulioanza mwaka 1967.

Kukariri kunadanganya, na hilo limepimwa. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, watafiti wa saikolojia huko St. Louis, Marekani, walichapisha jaribio la wanafunzi waliopewa makala fupi. Waliosoma kwa vipindi vinne mfululizo walikumbuka asilimia 40 baada ya wiki moja. Waliosoma kwa kipindi kimoja tu, kisha wakajipima mara tatu bila kuitazama, walikumbuka asilimia 61. Lakini dakika 5 baada ya zoezi, waliorudia kusoma ndio waliokuwa mbele! Ndiyo sababu mtoto analala akiamini somo limeingia.

Kumbe hata mama asiyejua kemia anaweza kusaidia. Baada ya chakula, daftari lifungwe, mtoto aeleze somo kwa Kiswahili, mama aulize "kwa nini?" mpaka aelewe. Tuseme somo ni vekta. Mtoto achore mto Lualaba chini kwa kijiti: mtumbwi unatoka ukingo wa Alunguli kuja ukingo wa Kasuku, mkondo unausukuma kuelekea chini. Kwa nini mpiga kasia anaelekeza pua ya mtumbwi juu ya mahali anapotaka kufika? Mshale mmoja ni kasi ya kasia, wa pili ni kasi ya maji, wa tatu ni njia ambayo mtumbwi unafuata kweli. Mtoto akiweza kuichora mitatu hiyo, ameelewa. Hapo ndipo aiandike kwa Kifaransa, maana mwalimu atauliza kwa Kifaransa.

Muda nao una shida yake. Kindu iko karibu na ikweta. Jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na umeme si wa kutegemea. Saa mbili za mwisho za mchana ni mali, na ndipo hasa wasichana wanapotumwa maji na kuwasha moto. Kaka zao wakibeba ndoo siku tatu kwa wiki, alama za dada zitasema. Kukesha na tochi hakufidii: wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18.

Elimu bila malipo iliyoanza Septemba 2019 ilihusu shule za msingi; sekondari bado kuna minervali, yaani ada ya shule. Anayerudishwa nyumbani kwa ajili ya deni aazime daftari la mwenzake jioni ile ile, kwani hesabu ya kesho inajengwa juu ya ya leo.

Mzazi asingoje buletini. Aende shuleni Oktoba, amwone mwalimu wa hisabati, aulize mtoto anakwama wapi hasa: kwenye sehemu, kwenye alama za kutoa, au kwenye Kifaransa cha swali. Kila kimoja kina dawa yake, na mwezi huo bado kuna muda wa kuitumia.