NAMBARI YA SIRI HAIULIZWI KWA SIMU

Yafuatayo ni mazungumzo ya Ofisa Habari wa Wizara mbele ya masheha, wastaafu, akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa na wafanyabiashara wadogo wadogo, juu ya kuhifadhi akaunti za benki na za simu. Yamechapishwa kwa ombi la masheha ili yawafikie na wale ambao hawakuweza kuhudhuria.





Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya fedha zetu zilizoko benki na zilizomo katika simu zetu za mkononi, na juu ya watu wanaozinyemelea. Naomba nianze kwa kuondoa dhana moja. Mtu akisikia kuwa akiba ya fulani imetoweka, picha inayomjia ni ya kijana hodari wa kompyuta aliyeko mbali, akivunja kufuli za benki usiku wa manane. Wizi wa namna hiyo upo duniani. Lakini tapeli anayewasumbua wananchi wetu havunji kitu. Hupiga hodi, hutoa salamu, huuliza hali za watoto, na mwenye nyumba humfungulia mwenyewe.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka kwamba Benki ya Watu wa Zanzibar ilipoanzishwa mwaka 1966, na kwa miaka mingi baada ya hapo, aliyetaka fedha zake alikwenda dirishani na kitabu chake, akatia saini yake au dole gumba, na mara nyingi karani alimjua yeye au alimjua jirani yake. Aliyetaka kujifanya mtu mwengine ilimbidi alete uso wake mbele ya karani. Hii leo mambo yamekuwa mepesi zaidi, na wepesi huo ni neema. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, mtu wa Makunduchi anaweza kumpelekea mama yake aliyeko Micheweni fedha za matumizi kabla chai haijapoa. Lakini dirisha limeondoka na karani ameondoka. Kilichobaki kumtambulisha mtu ni nambari yake ya siri, kitambulisho chake na alama za vidole vyake. Mwenye kuvipata vitatu hivyo, kwa mashine, huyo ndiye wewe.

Tuchukue mfano wa mzee aliyestaafu utumishi, anayesubiri kiinua mgongo chake. Anapigiwa simu asubuhi. Anayempigia anamwita kwa jina lake kamili, anamwamkia shikamoo, anataja wizara aliyofanyia kazi na mwaka aliostaafu. Kisha anasema faili lake limekwama mahali, limebakia jambo dogo tu, na kwamba leo ndiyo siku ya mwisho. Ama atakiwe kutuma kiasi fulani cha "kufungulia faili", ama ataje tarakimu zitakazomfikia katika ujumbe wa simu sasa hivi. Mzee anajiuliza: huyu asiyekuwa mtu wa ofisi angelijuaje yote haya? Ndugu zangu, kulijua jina la mtu na ofisi yake si kazi kubwa katika kisiwa. Orodha hubandikwa ukutani, nakala za vitambulisho huachwa dukani, karatasi za mshahara hufungiwa karanga, na vijana wetu huweka picha za sherehe ya kumuaga babu yao mahali ambapo dunia nzima inaziona.

Angalieni mambo mawili katika simu ile: haraka na usiri. "Leo ndiyo mwisho" na "usimwambie mtu." Ofisi ya Serikali, na hili nalisema kwa uzoefu wa miaka mingi ndani ya ofisi hizo, ina kasoro zake, lakini kumharakisha mwananchi si mojawapo.

Nataka nitue kidogo hapa, kwani ndipo penye ugonjwa wetu hasa. Sisi ni watu wa heshima. Tumelelewa kuwa salamu huitikiwa, na kwamba kumkatia mtu maneno ni utovu wa adabu, sembuse aliyekuamkia na kukuombea dua. Tapeli anayajua malezi hayo na ameyageuza kuwa nyenzo ya kazi. Mzee anaona haya kusema "sikujui". Mama anaona haya kukata simu. Rai yangu, na masheha wanisaidie kuieneza, ni kwamba mwenye simu itikia salamu, kisha useme, "Nitakupigia mimi," na ukate. Halafu usiipige nambari ile iliyokupigia. Nenda ofisini kwa miguu yako, au piga nambari iliyoandikwa nyuma ya kadi yako ya benki. Kama jambo lilikuwa la kweli, utalikuta palepale. Na kwa upande wa kampuni za simu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imekwisha kuwatangazia wananchi kwamba simu ya huduma kwa wateja hutoka nambari 100 pekee. Yeyote anayepiga kwa nambari ya kawaida akidai kuwa anatoka kampuni ya simu, hata akiwa na sauti ya upole namna gani, hatoki huko.

Ujumbe wa maandishi nao una sura zake. Uko ule unaojulikana na kila mtu, wa "ile pesa nitumie kwenye nambari hii", ambao hutupwa kwa watu wengi kama jarife, ukitarajia kumnasa mmoja ambaye kweli alikuwa akidaiwa kodi ya nyumba siku ile. Uko wa kusema mtoto ameanguka skuli na zinahitajika fedha za hospitali upesi. Huo ni mkatili kuliko yote, na mzazi asilaumiwe kwa kushtuka. Ila kabla ya kutuma shilingi moja, ampigie mwalimu. Na uko ule wa fedha zilizokosea njia. Unapata ujumbe kuwa umepokea shilingi kadhaa, kisha anapiga mtu analia, amekosea nambari, umrejeshee kwa ajili ya Mungu. Tazama kwanza ujumbe huo umetoka wapi. Ujumbe wa kweli wa muamala huja kwa jina la huduma. Wa uongo hutoka nambari ya mtu. Tazama pia salio lako. Na hata kama fedha zimeingia kweli, usizirejeshe kwa mkono wako. Mwenye kukosea hupeleka shauri lake kwa kampuni yake, nayo ndiyo yenye njia ya kuzirudisha.

Sasa nije kwenye wizi wa jina, ambao wengi hawaujui mpaka uwafike. Tangu mwaka 2019 laini za simu nchini husajiliwa kwa alama za vidole, na kuanzia Januari 2020 zile ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kufungwa. Madhumuni yalikuwa mema, kwamba kila nambari iwe na mwenyewe anayejulikana. Tapeli naye akabadilisha njia: kwa vile hawezi kutumia laini isiyo na jina, hutafuta laini yenye jina la mtu mwengine. Mwananchi anakwenda kwa wakala wa mezani njiani kusajili laini, anaweka kidole, anaambiwa hakikusoma, aweke tena, na tena. Pengine kweli hakikusoma. Mikono ya mkulima wa mwani na ya fundi seremala huchakaa. Lakini pengine kilisoma mara ya kwanza, na hiyo ya pili imekwenda kusajili laini nyengine kwa jina lako, itakayotumika kumuibia mtu wa Mbeya, na Polisi watakapoitafuta watakuja mlangoni kwako.

Dawa yake ipo na haina gharama. Bonyeza *106# katika simu yako, fuata maelezo, utaoneshwa nambari za simu zilizosajiliwa kwa Kitambulisho chako cha Taifa. Ukiiona usiyoijua, nenda na kitambulisho chako katika ofisi ya kampuni husika ukaifute. Nawaomba vijana waliopo hapa wakirudi nyumbani leo wawafanyie wazee wao jambo hili.

Kuna wizi mwengine wa jina ulio wa hatari zaidi kwa mwenye akaunti ya benki. Tapeli huenda kwa wakala akajifanya wewe, akasema simu yake imepotea, akapewa laini mpya yenye nambari yako. Papo hapo laini iliyomo mkononi mwako hufa. Tangu dakika ile, kila tarakimu za uthibitisho ambazo benki inakutumia wewe zinamfikia yeye. Kwa hivyo, simu ikikosa mtandao ghafla, ilhali wenzako wa mtandao huohuo wanazungumza, usingoje kesho. Azima simu ya jirani, iarifu benki izuie akaunti, kisha nenda ukaidai nambari yako.

Nambari za siri za huduma za simu kwa kawaida huwa na tarakimu nne. Tarakimu nne zinaweza kupangika kwa njia 10,000, na mwizi hawezi kuzijaribu zote kabla ya huduma kujifunga. Lakini aliyechagua mwaka wake wa kuzaliwa amempunguzia kazi hiyo hadi zisizofika mia, na mwaka wenyewe umeandikwa kwenye kitambulisho.

Jambo la mwisho ni zito kulisema hadharani, lakini ningelificha nisingekuwa nimetimiza wajibu wangu. Si kila anayetuibia ni mgeni. Wapo wazee wenye kadi ya benki iliyozongwa kikaratasi chenye nambari ya siri, na kadi hiyo hukaa kwa mjukuu. Wapo wanaopokea Pensheni Jamii, ile iliyoanzishwa mwaka 2016 kwa wazee waliotimiza miaka 70, ambao kiasi chake wanakijua kwa kusimuliwa tu. Wapo wanaompa wakala simu na nambari ya siri kwa sababu macho hayaoni maandishi madogo. Siwacheki hata mmoja, kwani kutoona vizuri au kutosoma si aibu. Asiyeweza kutumia mashine aingie ndani ya tawi na ahudumiwe mezani na mtumishi wa benki, wala asisaidiwe na mtu wa foleni. Na mtoto mwema anayemsaidia mzazi wake hataudhika akitakiwa kuonesha ile stakabadhi.

Kwa aliyekwisha kuibiwa, namuomba asinyamaze kwa haya. Kampuni ya simu au benki ijulishwe saa ileile, kwani fedha ambazo hazijatolewa bado zinaweza kuzuiwa. Zikishatolewa taslimu huwa vigumu sana kuzipata. Ujumbe usifutwe. Polisi watahitaji nambari iliyokupigia, saa, na ile nambari ya kumbukumbu ya muamala. Ujumbe wa kitapeli hata kama haujakudhuru, upeleke pamoja na nambari uliyotoka kwenda 15040 ili ifungiwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imefanya kosa kujifanya mtu mwengine kwa kutumia kompyuta, na mashtaka hayo hayafunguki bila ya mwenye kuibiwa kusema.

Karatasi zenye nambari hizo tatu, 100, *106# na 15040, zimekabidhiwa kwa masheha ili zibandikwe barazani. Sasa nawaachia nafasi ya masuala, tukianza na akina mama waliokaa nyuma.