Mtoto anayeuliza "kwa nini?"



Mwaka 1962, Getzels na Jackson wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walitoa kitabu juu ya vijana wa shule. Walilinganisha waliopata alama za juu katika vipimo vya akili na wale wenye ubunifu mwingi. Masomoni walifaulu sawa. Lakini walimu waliwapenda zaidi wale wa kwanza. Wabunifu walipenda mzaha na kushika njia yao wenyewe.

Na sisi je? Kwetu mtoto mwema ni anayenyamaza na kutii. Heshima ni nzuri. Lakini aliyefundishwa kutii tu, siku mwenye bunduki atakapomwambia "jirani yako ni adui", atawezaje kuuliza "kwa nini"? Basi tumzoeze kuuliza nyumbani, kwa heshima, nasi tumjibu.