Muuguzi Awe Mwalimu wa Mama

Hotuba ya mwalimu wa shule ya msingi kambini, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni



Huenda mlitarajia mwalimu aseme habari za madawati na madaftari. Leo nitasema habari za watoto ambao bado hawajafika darasani: wale wanaozaliwa kabla ya siku zao, tunaowaita njiti.

Mimi nilijifungua njiti katika hospitali moja, kabla ya kufika kambi hii. Mwanangu aliwekwa kwenye mashine ya joto, nami nikaambiwa nikae nje nisije nikaleta vijidudu. Siku 19 nilimtazama kupitia kioo. Nilikamua maziwa kwenye kikombe, muuguzi akakipokea mlangoni. Siku ya kuruhusiwa nilikabidhiwa mtoto kama mzigo wa mtu mwingine. Sikujua kumshika wala kumnyonyesha. Usiku ule sikulala, nilisikiliza tu kama anapumua.

Yule muuguzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa peke yake na watoto wengi. Alifundishwa kumtibu mtoto. Hakufundishwa kumfundisha mama.

Ndugu zangu, jambo hili limeonekana mahali pengi. Mwaka 1978, mjini Bogotá, Kolombia, mashine za joto zilikuwa haba, watoto wakilazwa pamoja katika mashine moja na kuambukizana. Daktari Edgar Rey Sanabria akaanza kuwaweka watoto kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Hiyo ndiyo njia ya kangaruu. Mwaka 1979, mjini Tallinn, Estonia, wauguzi walikuwa wachache. Daktari Adik Levin akawaruhusu akina mama kukaa wodini usiku na mchana na kuwahudumia watoto wao, wauguzi wakiwaongoza.

Tusidhani kwamba hii ni dawa ya maskini tu. Utafiti uliotolewa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha kwamba watoto waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa walikufa wachache zaidi, pungufu ya robo hivi, kuliko waliosubiri kwanza hali zao zitulie. Akina mama hao walilazwa wodi ileile ya watoto mahututi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri njia hiyo ianze mapema, kwa saa 8 hadi 24 kila siku.

Lakini mlango ukifunguliwa bila mafunzo, mama ataingia na kusimama tu akiogopa mipira na mitambo. Hapo ndipo mimi, mwalimu, nina la kusema. Chuoni tulifundishwa kwamba mwanafunzi hajui jambo kwa sababu ameambiwa. Anajua akilifanya mwenyewe. Basi muuguzi afundishwe hatua hizi.

Kwanza, aeleze kwa maneno mepesi, na kama mama hajui Kiswahili vizuri, atafutwe mtu wa kutafsiri. Pili, aonyeshe: kunawa mikono, kumfunga mtoto kifuani shingo ikiwa imenyooka, kumlisha kwa kikombe. Tatu, amwachie mama afanye, yeye akiangalia. Nne, akikosea, amsahihishe bila kumkaripia. Mwanafunzi aliyeaibishwa haulizi tena, na mama asiyeuliza atanyamaza hata aonapo mtoto amebadilika rangi, amekuwa wa baridi, anapumua kwa shida au amekataa kunyonya. Yeye ndiye yuko naye saa zote. Ndiye atakayeona kwanza.

Kwa wageni wetu, ombi langu ni hili: mnapopanga semina za wauguzi, somo la kumfundisha mama liwemo, na wodini pawe na kitanda cha mama, si cha mtoto peke yake. Kwa majirani: mama hawezi kukaa wodini ikiwa nyumbani watoto wengine wana njaa. Tumchotee maji, tumpokelee mgao wake, tumpikie. Kwa akina baba: kifua chenu nacho kina joto. Mama akichoka, mpokeeni.

Wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Uchungu huo ni nguvu. Tusiufungie nje ya mlango.

Mwanangu yule yuko hapa leo, darasa la pili, amekaa safu ya mbele. Wapo wengine watakaozaliwa mwaka huu kabla ya siku zao. Mama zao wasiwatazame kupitia kioo.