Shahada ya Uzamili ya Uchapishaji Vitabu na Hesabu Zilizofungiwa Kabatini

Mada iliyotolewa kwenye semina ya wahadhiri na wachapishaji wa vitabu

1. Utangulizi



Waandaaji waliniomba nizungumzie nafasi ya shahada ya uzamili katika kukuza sekta ya vitabu Afrika Mashariki. Mada hiyo ni pana kuliko muda niliopewa, kwa hiyo nitayapitia ya jumla haraka, kisha nibaki kwenye jambo moja. Nitakayosema ni maoni yangu binafsi. Si msimamo wa idara yangu wala wa chuo, na pale nitakapogusa kanuni za masomo ya uzamili nitazigusa kama zilivyo leo, kwa kuwa nimearifiwa kwamba mapitio yanaendelea. Nimearifiwa hivyo mara nyingi.

2. Maana na historia

Sina haja ya kuwaeleza wenyeji wa kazi hii tofauti ya mchapishaji na mpigachapa. Mchapishaji huchagua mswada, huugharimia, huutafutia soko na hubeba hasara. Mpigachapa hulipwa ankara yake hata kama kitabu kitaozea ghalani. Kuhusu uzamili, kwa kawaida ni miaka miwili baada ya shahada ya kwanza: masomo ya darasani, halafu tasnifu.

Taaluma yenyewe si ya juzi. Chuo Kikuu cha Stirling, Uskoti, kilianzisha kituo chake cha masomo ya uchapishaji mwaka 1982. Kumasi, Ghana, walianza katikati ya miaka ya 1980. Kwetu, Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kiliweka uchapishaji ndani ya Sayansi ya Habari, na wengi waliomo humu ndani wamepitia huko au wamefundishwa na waliopitia huko. Kabla ya hapo watu walijifunza kazi kazini: East African Literature Bureau tangu 1948, East African Publishing House tangu 1965, Tanzania Publishing House tangu 1966. Nyumba hii ya mwisho ndiyo iliyoshiriki kumtoa Walter Rodney mwaka 1972 na kitabu chake juu ya Ulaya na umaskini wa Afrika. Nitarudi kwake kidogo.

Wanaokuja kusoma ni wa aina mbili. Wapo waliotoka moja kwa moja kwenye shahada ya kwanza ya fasihi au isimu, wanaopenda vitabu na kuogopa hesabu. Na wapo wahariri walioajiriwa, wanaofika darasani jioni wakiwa na prufu za kazini mkobani. Hawa wa pili ndio walionifungua macho. Utamkuta mhariri mwenye miaka kumi kazini, majina ya vitabu alivyohariri huwezi kuyamaliza, naye hajawahi kuona hata mara moja karatasi inayoonyesha nakala ngapi za kitabu chake zimeuzwa.

3. Tatizo lenyewe

Ukiingia maktaba ya chuo chochote chetu kinachofundisha fani hii na kushusha tasnifu za uzamili rafuni, utakuta kichwa kimoja chenye sura nyingi: changamoto zinazowakabili wachapishaji wa mahali fulani. Sura tano. Sura ya pili ni mapitio ya maandiko. Sura ya tatu inaeleza sampuli. Sura ya nne ni majedwali ya dodoso, na dodoso lina swali kama hili: "Je, unakubali kwamba bei ya karatasi ni changamoto kwa kampuni yako?" Mhojiwa achague kati ya nakubali kabisa, nakubali, sina hakika, sikubali, sikubali kabisa. Naomba mnionyeshe mchapishaji mmoja atakayeandika "sikubali". Mwanafunzi anapata asilimia za juu sana, anazichorea grafu ya rangi, na katika sura ya tano anapendekeza serikali ipunguze kodi ya karatasi. Amehitimu. Lakini hajajua kama rimu moja ya karatasi imepanda au imeshuka, wala kupanda kwake kunaongeza shilingi ngapi kwenye bei ya kitabu dukani.

Siwalaumu wanafunzi. Wanaandika hivyo kwa sababu milango miwili imefungwa, na kila mwenye mlango humwonyesha mwanafunzi ule mwingine.

Mlango wa kwanza ni wenu wachapishaji. Mwanafunzi wetu mmoja alikwenda mafunzo kwa vitendo kwenye kampuni ambayo sitaitaja. Akapewa prufu za kitabu cha hisabati cha shule ya msingi, akazisoma vizuri, akasifiwa. Alipoomba kuona makadirio ya gharama ya kitabu hichohicho, meneja akamjibu, "Hiyo ni ya bosi." Akamwendea bosi. Bosi akamwambia, kwa upole kabisa, "Mwanangu, hayo mtafundishwa chuoni."

Sasa chuoni tunayafundisha hivi. Naomba mvumilie tarakimu. Ni mfano wa darasani tu. Riwaya ya kurasa 160. Karatasi kubwa moja ikikunjwa hutoa kurasa 16, kwa hiyo kitabu kinahitaji karatasi 10. Mwandishi akiongeza sura fupi na kitabu kikafika kurasa 166, unahitaji karatasi ya 11, na kurasa 10 za mwisho unazilipia zikiwa tupu. Mhariri asiyejua hili humkubalia mwandishi kila kitu.

Uhariri, usanifu wa kurasa, jalada na usomaji wa prufu tuseme vimegharimu shilingi 4,000,000, uchapishe nakala moja au elfu kumi. Kiwandani, nakala 1,000 ni shilingi 3,500 kila moja. Jumla yote ni 7,500,000, yaani 7,500 kwa nakala. Bei ya jalada ni 15,000. Muuza vitabu anachukua asilimia 35, unabaki na 9,750. Mwandishi mrabaha wa asilimia 10 ya bei ya jalada, 1,500. Kinachobaki mkononi ni 8,250. Ukiuza zote 1,000, faida ni 750,000. Lakini nakala 100 zikigawiwa bure kwa wahakiki, wageni rasmi na jamaa wa mwandishi, umeuza 900, umepata 7,425,000, umepata hasara ya 75,000. Kitabu "kilichoisha sokoni" kimekula fedha.

Mwanafunzi mwerevu hapo huinua mkono: basi tuchape nakala 3,000, kiwanda kitashusha bei hadi 2,500. Kweli, gharama ya nakala moja inashuka hadi kama 3,830, na macho yanang'aa. Ila jumla ni 11,500,000, na ili uzirudishe lazima uuze nakala 1,394 badala ya 910. Zitauzwa? Darasa hunyamaza, nami hunyamaza nalo, kwa sababu sina data. Riwaya ya Kiswahili ya mwandishi wa kawaida, isiyo kitabu cha kiada wala cha fasihi kilichoteuliwa shuleni, huuza nakala ngapi katika mwaka wa kwanza? Nyinyi mnajua. Ni moja ya siri zinazotunzwa vizuri kuliko zote katika ukanda huu.

Wenzetu wa Uingereza na Marekani, tangu mwaka 2001, wana BookScan inayokusanya mauzo kutoka kwenye mashine za kulipia madukani. Ina kasoro zake na ni ghali, lakini mwanafunzi wa kule huanza utafiti na tarakimu. Hapa kila duka lina daftari lake, na tangu ununuzi wa vitabu vya shule uhamie mikononi mwa serikali, Kenya kuanzia 2018 na Tanzania kupitia Taasisi ya Elimu, ndiyo kabisa: soko lililobaki kwa mchapishaji binafsi ni lile ambalo hakuna anayelihesabu.

Najua sababu zenu, na baadhi ni halali. Mnaogopa mshindani ajue punguzo mnalompa muuza vitabu. Mnaogopa mtoza ushuru. Wengine, niwie radhi Mwenyekiti, wanaogopa mwandishi, maana taarifa ya mrabaha aliyotumiwa na daftari la ghala havifanani. Na hata pasipo udanganyifu kuna mikataba isiyosema mrabaha ni asilimia ya nini. Katika mfano wangu, asilimia 10 ya fedha zilizopokelewa ni 975, si 1,500. Kwa nakala 1,000 tofauti ni shilingi 525,000, na ugomvi wa maisha.

Mlango wa pili ni wetu. Nimependekeza zaidi ya mara moja kwamba mwanafunzi wa uzamili wa uchapishaji aruhusiwe kuwasilisha kitabu badala ya tasnifu: achukue mswada halisi, auhariri, atengeneze makadirio, ausanifu, auchapishe hata nakala 200, auuze kwa muhula mmoja, kisha aandike ripoti ya nini kilikwenda sawa na nini hakikwenda. Hili si jipya. Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, kina shahada ya uzamili ya uchapishaji tangu 1995, na mwanafunzi humaliza kwa kufanya kazi katika kampuni na kuandika ripoti ya mradi. Pendekezo langu lilirudi kutoka kamati likiwa na maandishi ya kalamu nyekundu pembeni: "Mapitio ya maandiko yako wapi?" Nikaongeza mapitio. Likarudi tena: "Nadharia?" Nikaongeza nadharia. Sasa liko kwenye kamati ndogo.

Kwa haki, kamati ina hofu yake. Mtahini wa nje atapimaje kitabu? Nani atathibitisha kwamba mswada haukuhaririwa na mtu mwingine? Mwanafunzi akipata hasara, afelishwe? Jibu langu kwa swali la mwisho ni hapana. Aliyepata hasara na akaeleza kwa nini, amejifunza zaidi ya aliyepata faida kwa bahati.

Nilisema nitarudi kwa Rodney. Kila mwaka mwanafunzi mmoja hutaka kuandika juu ya Tanzania Publishing House, na kila mwaka anaishia kwenye itikadi. Itikadi imeshaandikwa vya kutosha. Ningependa ajitokeze atakayeuliza nakala ngapi zilichapwa Dar es Salaam, ziliuzwa bei gani na nani alizibeba hadi dukani.

4. Mapendekezo

(a) Vyuo viruhusu mradi wa kitabu uwe njia mojawapo ya kumaliza uzamili, sambamba na tasnifu. Si lazima kwa wote.

(b) Mafunzo kwa vitendo yawe na mkataba wa pande tatu unaotaja kwamba mwanafunzi ataonyeshwa makadirio ya angalau kitabu kimoja, tangu mswada hadi ghalani. Kusoma prufu peke yake kusihesabiwe.

(c) Wachapishaji wafungue tarakimu za mauzo kwa utafiti. Anayeogopa aweke masharti: jina la kampuni lifichwe, mauzo ya mwaka wa kwanza yaandikwe 100 na miaka inayofuata kwa uwiano wake, tasnifu ifungwe maktaba kwa miaka mitatu. Kitabu kilichokwisha miaka kumi iliyopita hakina siri ya kibiashara iliyobaki.

(d) Dodoso la "unakubali kabisa" lisipokewe na idara kama chanzo pekee cha data. Hili tunaweza kulifanya wenyewe, bila kusubiri Seneti.

(e) Somo la gharama na bei liwe la lazima muhula wa kwanza, hata kwa waliokimbia hisabati kidato cha nne. Hasa kwa hao.

(f) Mikataba ya waandishi itaje wazi mrabaha ni asilimia ya bei ya jalada au ya fedha zilizopokelewa. Si suala la uzamili, lakini nimepewa kipaza sauti.

(g) Vyama vya wachapishaji na wauza vitabu vikubaliane kukusanya mauzo ya maduka machache yatakayokubali, kila robo mwaka. Tuanze na maduka matano. Wanafunzi wetu watafanya kazi ya kuingiza data.

(h) Usimamizi wa mradi wa kitabu uhesabiwe katika kupandishwa cheo kwa mhadhiri, kama unavyohesabiwa usimamizi wa tasnifu. Bila hivyo pendekezo (a) litapita na hakuna atakayelisimamia.

(i) Wahariri walioajiriwa na wanaosoma jioni waonyeshwe na waajiri wao mauzo ya vitabu walivyohariri. Hii ni sehemu ya (c), lakini nairudia kwa sababu haihitaji chuo, kamati wala barua. Inahitaji mtu kufungua kabati.

(j) Semina hii iteue watu wawili, mmoja kutoka chuoni na mmoja kutoka kwa wachapishaji, wakamilishe fomu ya makubaliano ya usiri yenye masharti yaliyotajwa katika (c). Rasimu ninayo hapa, kurasa mbili, nakala chache. Atakayeitaka anione kabla ya chai, maana baada ya chai wachapishaji huwa wameshaondoka.