Kitabu Kilichoanguka

(Mazungumzo haya yalitolewa katika kipindi cha ibada ya asubuhi redioni.)

Nawasalimu nyote mnaotusikiliza asubuhi hii: ninyi mlio jikoni mkichemsha chai, ninyi mlio njiani kwenda kazini, na hasa wewe uliye kitandani, ambaye leo huwezi kwenda popote. Wewe ndiwe niliyekuwa nikikufikiria nilipoyatayarisha maneno haya.

Leo nataka kuwaeleza habari za nyonga yangu. Pengine utasema, "Nyonga na ibada zina uhusiano gani?" Nivumilie kidogo, utaona.

Kwa miaka mingi nilitembea kwa maumivu. Mwanzoni nilidhani ni uchovu wa shamba. Nikapaka dawa, nikameza vidonge, nikakata fimbo. Mwishowe nikawa siwezi kupanda matatu mpaka nivutwe mkono. Daktari akanionyesha picha ya mifupa yangu. Alinieleza kwamba mfupa wa paja una kichwa cha mviringo, nacho huzunguka ndani ya kikombe kilicho katika mfupa wa nyonga, kama mchi ndani ya kinu. Katikati yake kuna gegedu, kitu laini kinachozuia mifupa isisagane. Gegedu langu lilikuwa limekwisha. Dawa iliyobaki ilikuwa moja tu: kukata kile kichwa kibovu, kuweka kingine cha chuma, na kukitilia kikombe kipya.

Fedha sikuwa nazo. Watu wa kanisa letu wakafanya harambee. Mjane mmoja alileta kuku wake wawili. Ndugu zangu, mimi ni mzee wa kanisa. Nimesimamia harambee nyingi za watu wengine, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Siku ile jina langu ndilo lililoandikwa juu ya daftari. Nawaambia kweli, jambo hilo liliniuma kuliko nyonga.

Nilipasuliwa, na kazi ikaenda vizuri. Kesho yake tu sista akaniinua, akanipa kile chuma cha miguu minne cha kushikilia, nikapiga hatua tatu. Kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, mtaalamu wa mazoezi alinipa masharti yangu. Usiketi juu ya kiti kifupi. Magoti yako yasipande juu kuliko nyonga. Usipandishe mguu mmoja juu ya mwingine. Usiugeuze mguu kwa ndani. Ukilala, weka mto katikati ya miguu. Na usiiname kuokota kitu chini. Alinieleza na sababu yake: nyama zinazokishika kiungo zimekatwa na kushonwa, nazo zahitaji majuma mengi kushikamana tena. Ukiinama mno kabla ya wakati, kile kichwa cha chuma chaweza kuchomoka katika kikombe chake.

Nyumbani nilikuta wamejitayarisha. Mwanangu alikuwa amenitafutia kiti kirefu chenye mikono. Fundi alikuwa amekata tundu katika kiti kingine, kikawekwa juu ya choo cha shimo, kwa maana mtu wa nyonga mpya hawezi kuchutama. Lakini likabaki jambo moja. Sikuweza kuifikia miguu yangu mwenyewe. Nani ataiosha? Mke wangu alikwisha kutangulia mbele ya haki. Mke wa mwanangu, ninyi mwajua heshima yetu, jambo hilo haliwezekani. Ndipo mjukuu wangu wa miaka tisa akaleta karai la maji ya moto.

Nikamwambia, "Rudisha."

Akaniangalia, akasema, "Babu, kwani miguu yako ina siri gani?"

Nikamwacha anioshe, lakini kwa shingo upande.

Jumapili ya tatu nikashurutisha nipelekwe kanisani. Mwanangu alisema tungoje. Nikakataa. Nilitaka watu waone kwamba fedha zao hazikupotea. Tena, niseme lililo kweli, nilitaka waone kwamba mimi si mtu wa kusaidiwa tena. Nikaketi katika benchi, nalo lilikuwa fupi kuliko kiti changu cha nyumbani. Katikati ya wimbo, kitabu kikaniponyoka kikaanguka sakafuni. Mjukuu wangu akainama kukiokota. Nikamshika bega nikamwambia, "Acha. Mimi si mtoto." Nikainama mwenyewe.

Nilisikia kitu kimeruka ndani ya paja. Maumivu yake siwezi kuyaeleza. Mguu ukawa mfupi, ukageukia ndani. Watu wakaacha kuimba. Wale wale walionichangia ndio walionibeba juu ya benchi mpaka katika gari. Hospitalini nililazwa usingizi, mguu ukavutwa, kiungo kikarudi mahali pake. Daktari hakunikemea. Alisema tu, "Mzee, sasa tuanze kuhesabu majuma tena, kutoka moja."

Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mkuu wala la mdogo.

Usiku ule wodini sikupata usingizi, nikamkumbuka Petro. Nanyi mnaijua habari hiyo, katika Yohana sura ya 13. Bwana alijifunga kitambaa akawaosha wanafunzi miguu. Petro akakataa. Nimehubiri juu ya sura hiyo mara nyingi, na kila mara niliwaambia watu: tuhudumiane, tuwe kama Bwana aliyeshika karai. Sikupata kuhubiri juu ya yule aliyeketi kitini. Lakini Petro aliambiwa wazi kwamba asipokubali kuoshwa, hana sehemu na Bwana wake. Kumbe kuna mtu anayeweza kuwatumikia wengine maisha yake yote, na bado akawa na kiburi, kwa sababu hakubali kutumikiwa hata siku moja.

Asubuhi yake nilimwuliza daktari mmoja kijana ni nani aliyebuni nyonga hizi. Akanisimulia habari ya John Charnley, daktari wa Uingereza, aliyefanya kazi katika hospitali ya Wrightington, Lancashire. Mwanzo alitengeneza vikombe vya nyonga kwa Teflon. Baada ya miaka michache vikalika, ikambidi awapasue wagonjwa wake tena na kuvitoa. Kisha mwaka 1962 fundi wake, Harry Craven, akaletewa plastiki nyingine, ile iitwayo poliethilini. Charnley aliitazama akaona haifai. Craven akaijaribu katika mashine hata hivyo, ikazunguka siku nyingi bila kulika kama ile ya kwanza. Charnley alipoona, alikubali. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule akaanza kuitumia kwa wagonjwa. Siku hizi zaidi ya nusu ya nyonga zinazowekwa hudumu miaka 25.

Nikajiambia moyoni: daktari mkubwa alikubali kuokotewa na fundi wake, na kwa sababu hiyo watu wengi mno wanatembea. Na mimi nilikataa kuokotewa kitabu.

Niliporudi nyumbani mara ya pili, nilikaa kama mwanafunzi. Na wewe uliye katika hali hii, au unayemtunza mzee aliye katika hali hii, sikia machache. Fuata masharti ya daktari wako mwenyewe, kwa maana hayafanani kwa wote. Hutegemea jinsi ulivyopasuliwa. Fanya mazoezi uliyopewa kila siku, hata siku unayojisikia vibaya. Tembea kidogo, mara nyingi. Fimbo ishike kwa mkono wa upande ulio mzima, si upande wa mguu uliopasuliwa. Ukipanda ngazi tanguliza mguu mzima. Ukishuka tanguliza fimbo na ule mgonjwa. Ondoeni mikeka inayoteleza, na taa iwe karibu usiku. Na mambo haya usiyangoje hata kesho: ukiona mguu umevimba na kuuma nyuma ya goti au chini yake, au pumzi inakukatika, au kifua kinachoma, damu yaweza kuwa imeganda, nenda hospitali mara moja. Vivyo hivyo ukipata homa, au kidonda kikitoa maji au usaha.

Wapenzi, Biblia inamtaja mtu mwingine wa nyonga, naye ni Yakobo. Katika Mwanzo sura ya 32 alishindana usiku kucha, akaguswa nyonga, akatoka pale amebarikiwa, tena anachechemea. Tunapenda kuishia hapo. Lakini soma sura inayofuata. Esau anamtaka waende pamoja. Yakobo anamwomba ndugu yake atangulie, naye atafuata polepole, kwa mwendo wa mifugo na wa watoto. Tazama! Yule aliyekuwa hodari wa kuwatangulia wengine, tangu tumboni ameshika kisigino cha nduguye, sasa amejifunza mwendo wa watoto.

Mwendo huo ndio niliojifunza mimi. Kila jioni mjukuu wangu alileta karai, nami nikampa miguu. Alinisimulia mambo ya shuleni, nami nikasikiliza. Zamani sikuwa na nafasi ya kumsikiliza. Kisha tukatembea hadi mwembeni, baadaye hadi langoni, baadaye hadi barabarani. Baada ya miezi mitatu niliingia kanisani kwa fimbo, na mto wangu wa kuketia chini ya kwapa. Yule mama wa kuku wawili akanishika mkono mlangoni. Safari hii sikuuvuta mkono wangu.

Kitabu kikaanguka tena? Ndiyo, kilianguka. Mjukuu akaniangalia kwanza. Nikamwambia, "Niokotee, mwanangu. Asante."

Msikilizaji mpenzi, huenda wewe si mgonjwa wa nyonga. Lakini liko jambo usiloweza kulifikia kwa mkono wako mwenyewe, na yuko mtu karibu nawe aliye tayari kukuokotea. Usimshike bega kumzuia.

Tuombe. Baba yetu, wakumbuke leo wote wanaojifunza kutembea upya. Wape subira ya hatua moja. Wabariki wanaowaosha, wanaowainua na kuwapikia. Nasi tulio wagumu wa kupokea, utulainishe mioyo. Amina.

Kwaherini, na mwende polepole.